Namba ya Siri ya Asiyeona

Mimi ni mzee wa miaka 74, na kichwani mwangu zimo namba za siri tano. Moja ni yangu. Ya pili ni ya mke wangu, ambaye miwani yake ilivunjika zamani na hataki nyingine. Tatu zilizobaki ni za watu wasioona wa hapa mtaani kwetu Kirumba. Hawakunipa namba hizo kwa sababu wananipenda, ingawa natumaini wananipenda. Walinipa kwa sababu hawana njia nyingine ya kuzifikia fedha zao wenyewe. Nimekuwa mwalimu mkuu kwa miaka mingi. Nimewahi kulala mlango mmoja na karatasi za mtihani wa darasa la saba, zikiwa kabatini, ufunguo ukiwa shingoni mwangu na mgambo akiwa barazani. Najua siri ni kitu gani. Kwa hiyo msomaji anisamehe nikipaza sauti mahali ambapo mtu wa umri wangu alitazamiwa kunong'ona.

Mmoja wa hao watatu ni fundi wa nyavu. Alipofuka akiwa mtoto wa miaka minne, kwa surua na kwa dawa za kienyeji alizomiminiwa machoni, kama ilivyowapata watoto wengi wa rika lake huku Usukumani kabla chanjo haijaenea. Siku hizi tunafundishwa kusema "asiyeona", na mimi naandika hivyo kwa adabu. Yeye mwenyewe hujiita kipofu, na hunicheka nikisitasita. Tangu ujana wake hukaa karibu na Mwaloni, pale kwenye soko la dagaa, akishona nyavu zilizochanika. Ukimpelekea wavu, huupitisha mikononi polepole kama mtu anayechagua mchele. Akifika penye tundu husimama, huhesabu macho ya wavu kwa ncha za vidole, kisha sindano yake ya mti huanza kazi. Wenye mitumbwi kutoka Ukerewe huvuka maji kumfuata. Fedha za karatasi alizijua kwa urefu wake, akiziweka juu ya kidole na kuzipima. Sarafu alizijua kwa ukingo na uzito. Kwa miaka zaidi ya arobaini hakuna mvuvi aliyeweza kumpunja, na si kwamba hawakujaribu.

Ndipo fedha zikaingia ndani ya simu.

Nisieleweke vibaya. Mimi si adui wa simu. M-Pesa ilipokuja kwetu mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya kuanza Kenya, nami nilikuwa bado kazini, nilikuwa mmoja wa waliofurahi. Nakumbuka walimu wa shule za visiwani wakipanda meli kuja mjini kufuata mshahara, wakilala nyumba za wageni siku mbili, na kurudi na nusu yake. Leo mtu wa Ukara hupokea fedha akiwa chini ya mti wake. Ni jambo kubwa. Lakini jambo kubwa hili limefanya fedha ya mkononi iwe kama kitu cha aibu. Mwenye mtumbwi hulipa kwa simu, mtoto aliyeko Geita hutuma kwa simu, umeme wa LUKU hununuliwa kwa simu nawe unaletewa tarakimu 20 za kubonyeza kwenye mita, na atakayesema "mimi nipe taslimu" huonekana mshamba. Fundi wa nyavu hakuchagua kuingia katika mambo haya. Aliambiwa na wateja wake kwamba kuanzia sasa fedha ziko humo. Akanunua kitochi.

Msomaji mwenye simu ya vitufe na aichukue sasa hivi, afumbe macho, apapase namba 5. Atakuta kinundu kidogo, au vistari viwili vilivyoinuka. Kinundu hicho kinamwongoza kidole: ukiipata 5, umezipata zote. Mtu aliyekiweka alifikiri juu ya vidole visivyosaidiwa na macho, iwe ni vya asiyeona au vya mwenye kupiga simu gizani. Hakikugharimu chochote cha kutajwa, na kwa ajili yake fundi wetu anaweza kumpigia mtu yeyote aliye na simu, kwa kasi kuliko mimi. Ananiita kila alfajiri kunijulia hali, na sijawahi kusikia kwamba alikosea namba.

Sasa na atake fedha zake. Anapiga nyota, mia moja na hamsini, nyota, sifuri sifuri, alama ya reli, anabonyeza kitufe cha kijani. Simu inafanya kazi barabara; inampa orodha nzuri kwa Kiswahili safi: tuma pesa, toa pesa, nunua muda wa maongezi, lipa kwa simu. Lakini orodha hiyo imeandikwa kwenye kioo, na simu iko kimya. Hata akikariri mpangilio wote, na wako waliokariri, siku moja kampuni huingiza tangazo la mkopo mahali pa namba mbili, na aliyekuwa akitoa fedha anajikuta anakopa. Akichelewa kufikiri, mtambo humkatia, aanze upya. Na mwishoni, pale simu inapoonyesha jina la anayetumiwa ili mtumaji ahakikishe, yeye haoni jina. Anabonyeza kama mtu anayetupa jiwe usiku.

Kwa hiyo anafanya kama wanavyofanya wote. Anakwenda kwenye kibanda cha wakala, anamkabidhi kijana simu, anainama dirishani na kuitamka namba yake ya siri. Nyuma yake wako watu wanaosubiri. Katika vibanda vyote vya mtaa wetu sijamwona asiyeona hata mmoja mwenye kitochi anayetoa fedha kwa namna tofauti na hiyo.

Mwaka 2023 mwanawe wa Geita alianza kumtumia fedha za mabati, kidogo kidogo. Mzee akawa anatoa 50,000 kila wiki na kumwekea fundi seremala. Kijana wa kibandani alikuwa mpole, akimwamkia "Shikamoo babu" kila mara, akimpisha mbele ya foleni. Babu akiomba 50,000, kijana alitoa 80,000 na kumhesabia 50,000. Mara tano. Siku mwanawe alipopiga simu kuuliza, "Baba, mabati si yametosha sasa?" ndipo mzee akaja kwangu na simu yake. Tuliketi juu ya mtumbwi uliofudikizwa, nikamsomea ujumbe mmoja baada ya mwingine. Umetoa 80,000. Umetoa 80,000. Kampuni ilikuwa imemwambia kila kitu, tarehe, saa, makato na salio. Ushahidi wote ulikuwa mfukoni mwake kwa wiki tano, ukiwa bubu.

Kijana alikuwa amekwisha kuhama. Wengine walisema Kahama, wengine Katoro. Tukaenda kwenye ofisi ya kampuni yenyewe, ambayo sitaitaja, maana nina hakika ningepata jibu lile lile kwa jirani zake. Binti aliyetupokea alikuwa na adabu, na sina neno naye. Aliangalia kwenye kompyuta yake, akatikisa kichwa, akasema: "Baba, poleni sana. Lakini si mnatangaziwa kila siku kwamba namba ya siri ni siri yako? Ukishampa mtu mwingine, kampuni haihusiki."

Tulipotoka nje, mzee alisimama kwenye ngazi akasema, "Mwalimu, wananiambia nimeibiwa kwa sababu nilisema. Na nikinyamaza, je, nitakula nini?"

Nimelitafakari neno la yule binti kwa muda mrefu, kama nilivyokuwa nikilitafakari jibu la mwanafunzi ambalo ni sahihi na ni la uongo kwa wakati mmoja. Kampuni inamkatia mzee huyu makato yale yale inayonikatia mimi. Ilimsajili bila kumwuliza kama anaona. Ilichukua alama ya kidole chake, kidole kile kile kinachohesabu macho ya wavu. Ikampa huduma yenye masharti mawili: kwamba asiitamke namba yake kwa mtu yeyote, na kwamba hawezi kuitumia huduma hiyo bila kuitamka kwa mtu mwingine. Sharti la kwanza limeandikwa. La pili halikuandikwa popote, bali limejengwa ndani ya mtambo. Kisha akiibiwa, analetewa lile lililoandikwa. Mfanyabiashara wa dagaa akikuuzia gunia ambalo halifunguki ila kwa kulitoboa, halafu akakataa kulipokea kwa kuwa umelitoboa, watu wa Mwaloni wangemwita jina ambalo haliandikwi kitabuni.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi wema, wale ambao wakisikia neno "wasioona" mara moja hufungua pochi. Wanazungumza juu ya huruma. Makampuni nayo hupenda sana lugha hiyo. Mara moja kwa mwaka hupeleka magunia ya mchele na sabuni kwenye shule yenye watoto wasioona, wanapiga picha na fulana zenye nembo, na picha zinatoka gazetini. Sikatai mchele. Nasema tu kwamba fundi wa nyavu haombi mchele. Yeye ni mteja. Amelipa. Anadai alicholipia, na mteja anayedai alicholipia haitaji kuhurumiwa, anahitaji kupewa au kurudishiwa.

Nitaambiwa kwamba mambo ya ufundi ni magumu, nami ni mzee wa chaki. Basi niseme yale ambayo hata mzee wa chaki anayaona. Kila siku, mara nyingine nikiwa nimelala mchana, simu yangu huita. Nikipokea, sauti ya mwanamke iliyorekodiwa hunieleza habari za bahati nasibu, au hunipigia kipande cha wimbo na kuniambia nibonyeze moja ili uwe mwito wa simu yangu. Nikipiga huduma kwa wateja, sauti hunikaribisha: kwa Kiswahili bonyeza moja. Kwa hiyo mtambo unaweza kusema. Unajua Kiswahili. Unapokea majibu kwa vitufe, hata kwenye kitochi cha bei ya chini kuliko vyote. Kinachoshindikana ni kitu gani basi? Kwamba sauti ile ile imwambie mzee, "Unatoa shilingi elfu hamsini kwa wakala fulani, weka namba yako ya siri, kisha bonyeza moja kukubali"? Kidole chake kinajua 5 iko wapi. Angeibonyeza namba yake kimya, akiwa ameegemea ukuta, na yule kijana mpole asingejua lolote. Mtambo umepewa ulimi wa kuuza, ukanyimwa ulimi wa kuhudumia.

Wala tusiambiwe habari za muda. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza tarehe 1 Mei 2019, na ilipofika tarehe 20 Januari 2020 laini zisizosajiliwa zilianza kuzimwa. Nchi nzima, visiwa kwa milima, katika miezi isiyozidi tisa. Tarehe 15 Julai 2021 tozo ya miamala ilipoanza, mitambo yote iliamka asubuhi ikijua kukata kiasi kipya kwa kila ngazi ya fedha. Na tozo ilipopunguzwa baadaye, ikajua pia kupunguza. Sijasikia kampuni hata moja ikisema mitambo ni migumu kurekebisha. Serikali ilisema, ikafanyika. Kumbe yuko anayeweza kusema.

Wengine hunijibu: lakini Mwalimu, ziko simu janja, na hizo husoma zenyewe. Ni kweli, na historia yake ina mafunzo. Simu ya iPhone ilipotoka mwaka 2007 ilikuwa kioo kitupu, hakina vitufe wala kinundu. Kwa asiyeona ilikuwa kipande cha dirisha. Mwezi Septemba 2008 mwanasheria mkuu wa jimbo la Massachusetts huko Marekani, pamoja na chama kikubwa cha wasioona cha nchi hiyo, walifikia makubaliano na Apple kuhusu duka lake la muziki lililokuwa halitumiki na wasioona. Mwezi Juni 2009 ikaja iPhone iliyokuwa na msomaji wa sauti ndani yake, VoiceOver, bila kuongezwa bei. Mwaka huo huo simu za Android nazo zikapata TalkBack. Unapitisha kidole juu ya kioo, simu inataja kilicho chini ya kidole; unagonga mara mbili, inafungua. Nimemwona kijana asiyeona wa chuo akiitumia kwa kasi hadi nikaona haya kwa ajili ya miwani yangu.

Tatizo ni kwamba simu husoma kile tu ilichoandikiwa. Mtengenezaji wa programu akichora kitufe cha mshale wa kutuma, anatakiwa aandike pembeni, mahali pasipoonekana, neno "Tuma". Ni kazi ya mstari mmoja. Asipoandika, msomaji wa sauti hufika hapo na kusema ni kitufe kisicho na jina. Kitufe kisicho na jina, kitufe kisicho na jina, kitufe kisicho na jina: chagua kimoja, ndugu, na huenda ukawa umetuma mshahara wako. Halafu iko lugha. Sauti ya Kiswahili ipo, lakini ni lazima ujue kuitafuta katika mipangilio. Simu nyingi huuzwa zikiwa zimewekwa Kiingereza, na usipobadilisha inakusomea "salio lako" kama mgeni aliyeshuka jana uwanja wa ndege. Na yako yale mafumbo ya picha, ambapo mashine inakutaka uchague picha zenye baiskeli ili uthibitishe kwamba wewe ni binadamu. Zingine huwa na njia ya kusikiliza, zingine hazina. Sijui ni nani aliyekaa mezani akaamua kwamba asiyeiona baiskeli hana hakika ya ubinadamu wake.

Zaidi ya hayo, simu janja ni bei. Kumwambia fundi wa nyavu anunue simu ya laki tatu ili aweze kuficha namba tarakimu nne ni kumtoza kodi ya upofu.

Huko nyuma kidogo kuna kisa kingine ninachokipenda zaidi, maana kinahusu Serikali iliyojua thamani ya pochi yake. Kompyuta za mwanzo zilikuwa za maandishi matupu, na wasioona walikuwa na programu za kuwasomea. Wengi walipata kazi za ofisini kwa njia hiyo. Kisha ikaja Windows, yenye picha na madirisha, na programu zile zikaanza kupotea njia kama mtu aliyehamishiwa nyumba usiku. Ilipokaribia kutoka Windows 95, watu wa Massachusetts, hao hao, kupitia tume yao ya wasioona, walitishia kwamba jimbo litaacha kuinunua. Halikuwa jimbo kubwa. Lakini Microsoft, ambayo ilikuwa ikijiandaa kuuzia dunia nzima, iliketi mezani, na mwaka 1997 ikatoa nyenzo za kuiwezesha Windows izungumze na programu za kusoma. Miaka michache baadaye, mwaka 2006, vijana wawili wa Australia, wasioona wote, walianza kutengeneza msomaji wao wa kompyuta, NVDA, wanaougawa bure hadi leo. Naleta habari ya hao wawili kwa ajili ya wale wanaoniambia kwamba kampuni zenye minara kila kilima hazina uwezo.

Kuna waliohitaji mahakama. Duka kubwa la Marekani, Target, lilishitakiwa mwaka 2006 kwa kuwa tovuti yake haikutumika na wasioona. Mwaka 2008 lilikubali kulipa dola milioni 6 na kurekebisha. Karibu na kwetu, mwaka 2019, wakili kijana asiyeona alikwenda Mahakama Kuu ya Nairobi dhidi ya Safaricom, akilalamika kwamba M-Pesa ilimlazimu kuwategemea watu wengine katika mambo yake ya fedha. Mambo ya sheria yana mizunguko yake, nami si mtu wa kuyafumbua. Kinachonigusa ni kwamba kijana yule alikataa kuitwa mzembe. Na Ulaya, kuanzia tarehe 28 Juni 2025, sheria inawalazimisha wanaouza simu, kompyuta, mashine za kutolea fedha na huduma za benki kuhakikisha kwamba watu wenye ulemavu wanaweza kuzitumia. Vodafone ya Uingereza, yenye hisa nyingi katika Vodacom, inauza huduma zake Ujerumani na Ureno, na huko italazimika kutii. Nauliza kwa utulivu tu: je, asiyeona wa Lisbon ana fedha zenye siri zaidi kuliko asiyeona wa Kirumba?

Sisi tunazo sheria. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao katika ibara ya 12 unataja haki sawa ya mtu kusimamia mambo yake mwenyewe ya fedha. Mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Tunayo Mamlaka ya Mawasiliano inayotoa leseni, tunayo Benki Kuu inayosimamia fedha za simu chini ya sheria ya mwaka 2015, tunao hata Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao makampuni huuchangia. "Kwa Wote" ni maneno mawili mazuri. Nimefundisha Kiswahili miaka mingi na sijui maana yake nyingine.

Kabla sijasema ninachodai, nina deni la kulipa. Mwaka 1984, nikiwa mwalimu mkuu wa shule ambayo sitaitaja, mama mmoja alitembea kutoka kijiji cha jirani akimshika mkono mtoto wa miaka minane asiyeona. Nilimwamkia vizuri, nikampa kiti. Nikamwambia kwamba hatuna vifaa, hatuna mashine ya nukta nundu, hatuna mwalimu aliyesomea elimu maalumu, ampeleke kwenye shule za wasioona, Buigiri labda, kule Dodoma. Yote yalikuwa kweli. Yule mama hakuwa na nauli ya kufika Shinyanga, sembuse Dodoma, na mimi nililijua hilo nikiwa ninasema. Mtoto alikuwa amesimama akipapasa ukingo wa meza yangu, akiupitia wote hadi pembeni na kurudi. Chuoni Butimba tulifundishwa kwamba darasa ni la yule aliyeketi nyuma kabisa. Ningeweza kumweka mbele, asikilize. Nusu ya masomo ya darasa la kwanza ni kusikiliza. Sikumweka, kwa sababu ingenisumbua, na hakuna mkaguzi ambaye angeniuliza.

Hakuna ambaye angeniuliza. Hilo ndilo ninalolijua kutoka ndani. Sikuwa mtu mbaya, na wala yule binti wa ofisini si mtu mbaya, na wahandisi wa makampuni nadhani ni vijana wazuri wenye watoto. Lakini mtu mzuri asiyeulizwa atasema hatuna vifaa, na atalala usingizi.

Basi waulizwe. Dai langu ni moja, na nimelifanya fupi makusudi ili hata mbunge asiye na muda alisome. Sheria au kanuni iseme kwamba kampuni ambayo huduma yake ya fedha haiwezi kutumiwa na asiyeona peke yake, kwa simu aliyo nayo, bila kumtajia mtu namba ya siri, haina ruhusa ya kujitetea kwa namba ya siri. Akiibiwa, kampuni ilipe. Siyo wakala, siyo kijana aliyekimbilia Kahama, kampuni. Ilipe ndani ya siku 30, kisha imtafute mwizi kwa wakati wake, maana mitambo, majina na alama za vidole inazo yenyewe. Sitaki kuifundisha kampuni namna ya kutengeneza sauti. Nataka tu hasara ikae upande wenye uwezo wa kuizuia. Hasara ikishahamia huko, naamini sauti itapatikana haraka kuliko tulivyodhani, na itakuwa nzuri.

Nitaambiwa watu wataidanganya kampuni, watajifanya wameibiwa. Wako watakaojaribu. Hata mitihani huibwa, na hatukufunga shule. Nitaambiwa pia kwamba wasioona ni wachache. Hoja hii huniudhi kuliko zote, kwa kuwa huletwa na watu wanaokaribia uzee kama mimi. Presha ya macho haipigi hodi, mtoto wa jicho anakuja kwa kila mwenye kuishi siku nyingi, na mke wangu ambaye namba yake ninayo hajawahi kuhesabiwa katika orodha ya wasioona ya mahali popote.

Siku ile ofisini, kabla hatujaondoka, binti alimshauri mzee abadilishe namba yake ya siri mara moja, kwa usalama. Ni ushauri sahihi. Tulirudi Mwaloni, tukaketi juu ya mtumbwi ule ule. Alinikabidhi simu. Nilifungua orodha, nikafika mahali panapotakiwa namba mpya, nikamwambia abonyeze mwenyewe, mimi nitageuza uso kuelekea ziwani. Akabonyeza. Simu ikaandika kwamba muda umekwisha, tuanze tena. Tukaanza tena. Mara ya pili alikosa kuirudia kwa kufanana, maana hakujua ni wakati gani simu inataka namba ya zamani na wakati gani inataka mpya, na mimi nilikuwa nimegeuka. Mara ya tatu akacheka, akanishika bega, akaniinamia sikioni, akaitamka.